Labrador au Chesapeake kwa anayekaa karibu na ziwa, Kisumu?

Jirani wa Dunga:
Wadau, wakubwa shikamooni. Nimehamia karibu na Dunga na watoto wangu wawili wananiimbia kila jioni: mbwa, mbwa. Wanataka anayependa maji. Rafiki ana vitoto vya Labrador, na mgeni mmoja anayerudi kwao anatafuta wa kumwachia Chesapeake wake wa miaka miwili. Mimi mbwa niliyewahi kuwa naye ni yule wa ushago wa kulinda kuku. Nichukue yupi?

Mfugaji Lanet:
Labrador, usizunguke. Wangu niko naye hapa Nakuru mwaka wa tisa. Jina lenyewe linadanganya, maana asili yake ni Newfoundland kule Kanada. Wavuvi wa huko walikuwa na mbwa wa St. John's waliovuta kamba za nyavu na kuokota samaki waliochomoka kwenye ndoana. Karne ya 19 matajiri wa Uingereza wakawachukua, wakawafundisha kuokota bata waliopigwa risasi, na mwaka 1903 Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza, ikawatambua. Ndiyo maana mdomo ni mwepesi. Huyu wangu hubeba yai kutoka bandani hadi mlangoni bila ufa, kisha anasimama hapo akingoja malipo.

Ila tumbo lake! Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge waligundua kwamba karibu robo ya Labrador wana hitilafu kwenye jeni iitwayo POMC, hawajui kushiba. Mimi humpimia chakula kwa kikombe. Siku nilipomsahau na sufuria ya omena, alilamba mpaka masizi.

Nyar Kisumu:
Mfugaji unavutia kwako. Mjomba wangu alikuwa na Chesapeake, na sijaona mbwa anayeogelea vile. Hadithi yao huanza 1807, meli ilipovunjika pwani ya Maryland, Marekani, wakaokolewa watoto wawili wa mbwa wa Newfoundland, Sailor na Canton. Wawindaji wa ghuba ya Chesapeake wakaendeleza uzao kwa kazi ya maji ya barafu. Ukimpitishia mkono mgongoni unashika mawimbi yenye mafuta, na chini yake sufi nzito. Akitoka majini hujikung'uta mara mbili, ukifukua manyoya unakuta ndani kukavu. Kumwosha kwa sabuni kila wiki ni kumvua koti.

Lakini Jirani, kusema kweli, si mbwa wa mtu anayeanza kufuga. Anachagua mtu wake mmoja, wageni huwangurumia, na akiamua haendi, haendi. Na sufi ile kwa joto letu la saa nane... mjomba alikuwa anamtembeza alfajiri tu.

Daktari Mstaafu:
Mimi nimetibu wote wawili, na shida kubwa haikuwa aina. Ilikuwa masikio. Yamelala, yakiingia maji hayakauki. Ukimwona anatikisa kichwa na sikio linanuka kama unga uliochacha, mlete mapema. Kausha kwa pamba kila akitoka majini. Kupe mkague kila siku, hata katikati ya vidole. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Kwa Labrador, uliza kama wazazi walipigwa eksirei ya nyonga, maana ubovu wa nyonga hurithiwa.

Na msimrushie fimbo kwenye magugu maji pale Dunga, jamani. Kiboko hatofautishi mbwa wa kizungu na wa mtaani. Tafuta bwawa la kuchimba, au beseni kubwa uani.

Mfugaji Lanet:
Beseni! Wangu hulala ndani ya karai la fundi.

Jirani wa Dunga:
Asanteni. Leo nilienda kumwona yule Chesapeake. Alininusa kiatu, akarudi kulala juu ya miguu ya yule mgeni, na watoto wangu hakuwatazama kabisa. Nilimwonea huruma yeye kuliko sisi. Jumamosi naenda kwa Labrador. Mfugaji, hicho kikombe chako cha kupimia ni cha chai au cha uji?