Waandaaji wa "Dinosaria wa Mwanza": mnadanganya watoto na mnafundisha kuharibu visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe)

Wakuu, haya maonyesho yanayozungushwa kwenye shule za Nyamagana na Ilemela hayavumiliki. Wazazi wanalipa kiingilio, watoto wanapanga foleni, halafu wanaonyeshwa jiwe la mviringo lililookotwa ufukweni na kuambiwa ni yai la dinosaria.

Mawe ya Mwanza ni matale. Ni uji wa miamba uliopoa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Dinosaria wa kwanza wametokea kama miaka milioni 230 iliyopita. Mfupa au yai litaingiaje humo? Umviringo unatokana na maji yanayopenya kwenye nyufa: feldispa, moja ya madini ya jiwe hilo, inageuka udongo, na pembe zinalika mapema kwa kuwa zinashambuliwa pande tatu kwa mpigo. Lipasueni hilo "yai" mbele ya watoto, wataona chembe zilezile za madini ya kwatzi na maika kuanzia juu hadi katikati, ganda hakuna. Hata Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria upande wa Kenya, ambako visukuku vipo kweli, ni vya wanyama wa miaka milioni 18 hivi. Dinosaria wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita.

Bango nalo ni aibu. Mjusi wa Tendaguru ametolewa Lindi, si Mbeya. Ni wa kipindi cha Jurasiki, miaka milioni 150 hivi iliyopita, akachimbwa kati ya 1909 na 1913, na leo amesimama Berlin, urefu mita 13.27 kwenda juu. Mliotaka kuwaeleza ni wale wa Kretasia, kipindi kilichofuata Jurasiki, wa miamba myekundu ya Galula kwenye bonde la Rukwa: Rukwatitan aliyetangazwa 2014, Shingopana 2017, Mnyamawamtuka 2019. Wote walikula majani. Mnao hao nyumbani, bado mmechora Tyrannosaurus, mnyama wa Amerika Kaskazini!

Lakini kinachokera kuliko vyote ni ile video ya "jinsi ya kuchimba". Kijana anapiga sururu, anang'oa mfupa kwa mkono, anausuuza kwenye beseni na kuunga vipande kwa supaglu. Kila hatua ni uharibifu. Mfupa wa namna hiyo kwa kawaida una nyufa tayari, na kinachoushikilia ni mwamba unaouzunguka. Ukiuvuta, unabaki na changarawe. Maji yanavimbisha udongo uliojaa kwenye nyufa, mfupa unapasuka ukikauka. Supaglu haiondoki kirahisi, ikikosewa imekosewa. Mifupa ya Shingopana ilikutwa na matundu yaliyotobolewa na wadudu kabla haijawa kisukuku. Ukijaza gundi kwenye matundu kama yale, umefuta ushahidi.

Inavyotakiwa ni hivi. Kabla ya kugusa, piga picha yenye kipimo, andika namba za mahali kwa GPS na tabaka ulipolala mfupa. Fukua kwa sindano na brashi, si sururu. Palipolegea, dondoshea Paraloid B-72, gundi ya plastiki inayoweza kuyeyushwa tena, iliyoyeyushwa kwenye asetoni, gramu 5 kwa mililita 100, ikauke. Chimba mfereji kuzunguka mpaka mfupa ubaki juu ya kitako cha mwamba wake. Funika kwa karatasi laini za chooni zilizoloweshwa, zishikane vizuri. Wengi huruka hapa, kisha plasta (ile ya unga mweupe unaokorogwa na maji) inagandana na mfupa na kuondoka na ngozi yake ya juu. Ndipo uweke vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta, tabaka 2 hadi 4 zikipishana, na miti ya kukaza kama mzigo ni mkubwa. Ikikauka, kata kitako chini, geuza kwa pamoja, funga upande wa pili, andika namba juu ya plasta yenyewe.

Na hayo yote ni kwa mwenye kibali. Sheria ya mambo ya kale ipo tangu 1964.

Sasa mjibu hapa hapa: kile kipande cha mfupa mlichoweka mezani, mnachosema kimetoka Songwe, kilitolewa mto gani, tabaka lipi, kwa kibali cha nani? Hakina lebo wala namba, na watoto wanakipapasa kwa mikono yenye jasho. Kipelekeni Idara ya Mambo ya Kale pamoja na maelezo ya kilipotoka kabla aliyekiokota hajasahau. Video iondoeni leo, na shule zilizolipa zirudishiwe pesa.