Naomba ushauri: mlango juu ya chukudu kwenye klipu yetu

Ndugu zangu, sisi ni kikundi cha vijana wanne hapa Goma, tunatengeneza klipu ya wimbo wa huzuni kuhusu mtu aliyetoka asirudi. Picha kuu ni hii: alfajiri, ukungu juu ya ziwa Kivu, kijana anasukuma chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo) kwenye mawe meusi ya volkeno. Amebeba mlango tu. Nyumba haionekani popote.

Wazo lilitoka kwa mama mdogo. Volkeno ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, alikimbia na ufunguo mfukoni. Nyumba yake ya Buhene ikafunikwa na lava. Ufunguo anao hadi leo.

Sasa mwimbaji wetu anataka mwishoni mlango ufunikwe kitambaa cheupe. Kwake nyeupe ni tumaini. Mimi naogopa watu wataona sanda, na mtu wa wimbo hajafa, ametoweka.

Nilimwonyesha mama mdogo vipande vya kwanza. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: mbona mlango hauna kitasa? Swali hilo halinitoki.

Je, tuweke kitasa? Kitambaa tukitoe, au tubadilishe rangi? Tunarudia kupiga picha Jumamosi, na chukudu tumeazima kwa siku moja tu.