Jamaa wa skafu leo kanivua nguo kantini, wiki tatu zangu zimefutwa na tepu!!!

Wakuu habari za jioni, ingawa kwangu leo jioni haina habari. Nimerudi chumbani sasa hivi mikono inatetemeka sijui ni baridi ya huku Wuhan, China, au hasira, maana huku tuko kusini mwa mto Huai zile hita za mabomba za mji mzima hatuna, ndani baridi kuliko nje, lakini leo nimetoka jasho Novemba hii nimekaa kwenye kiti cha plastiki.

Simtaji mtu. Mnamjua. Ni yule jamaa wa skafu. Novemba skafu sawa, nani atakataa, ila huyu anaivaa mpaka Julai, Julai ya Wuhan ambapo mjusi akipita kwenye lami anaruka ruka kama anacheza singeli. Huyo huyo.

Sasa sikilizeni. Si mnajua hawa wanafunzi wenyeji wana mtihani wao wa Kiingereza wa chuo, wanaita siji, ngazi ya nne, ukivuka unakwenda liuji, ya sita. Juni na Desemba kila mwaka. Alama jumla 710 na kila mtu anaitafuta 425 kama anatafuta mahari. Kuna wa kuandika, na kuna wa kuongea ambao unakuja kabla, mwezi huu wa Novemba, unakaa mbele ya kompyuta na hedifoni, unaletewa aya, sekunde 45 uipitie, dakika moja uisome kwa sauti. Dakika moja basi. Watu wanaamka alfajiri kwenda kuisomea miti ile dakika moja.

Mwezi uliopita wakanifuata wawili, mdada wa uhasibu na mshikaji wake anayesomea ufugaji wa samaki. Wakaniambia laoshi tusaidie. LAOSHI. Mwalimu! Mimi ambaye nyumbani hata mdogo wangu wa darasa la nne anakataa kuniita kaka. Nikayeyuka. Nikakubali palepale, malipo ni bakuli moja la zile tambi kavu za ufuta asubuhi, wiki tatu, kila siku saa moja kamili niko kantini nimekunja nne namsubiri mwanafunzi wangu.

Na nilifanya kazi jamani. Mdada ana daftari lake lile la vidoti, mwandiko kama umetoka kwenye mashine, mimi namwandikia matamshi pembeni kwa peni nyekundu. Kitabu chao cha maneno kinaanza na abandon, na chuo kizima wanaijua abandon peke yake kwa sababu kila mtu akianza kusoma anaishia ukurasa wa kwanza, mwezi ujao anaanza tena, abandon. Wenyewe wanataniana hivyo. Mimi huyu niliwatoa kwenye abandon nikawavusha B, nikawavusha C ambayo ni ndefu kama treni ya Kigoma, tukaingia D. Tulikuwa D wakuu. Nimefia D.

Leo asubuhi mdada anasoma aya kwa sauti, imenyooka, kafika kwenye neno determine akalitamka vizuri kabisa kama nilivyomfundisha, ditamaini. Nikatikisa kichwa kama mzee wa baraza. Nyuma yangu nikasikia kicheko cha puani. Kugeuka, skafu. Ana treyi yenye yai moja. Akamwuliza mdada kwa kile Kiingereza chake cha rubani, nani kakufundisha hivyo? Mdada kwa heshima zote akaninyooshea mkono mzima, wa kunikaribisha, kama anaonyesha kivutio cha utalii. Jamaa akasema, ni ditamin. Halafu akanigeukia na KISWAHILI ili wasielewe: mwanangu, unawalisha watoto wa watu Kiingereza cha shule ya kata.

Hata hapo ningevumilia. Wallahi ningevumilia. Lakini mdada akachukua simu, akabonyeza, simu ikasema ditamin. Akafungua kile kimfuko chake cha peni chenye picha ya paka. Akatoa ile tepu nyeupe ya kufutia wino. KRRRRRR.

Hakuchora mstari juu ya neno. Hakuandika jipya pembeni. KRRRRRR, juu ya peni nyekundu yangu. Taratibu, kwa unadhifu, akipuliza na kipande kilichobanduka. Halafu akafunua ukurasa wa nyuma. Akaiona examine. Simu. KRRRR. Vegetable, ambayo nilimwandikia ve-ji-te-bo kwa herufi kubwa na nikaipigia mstari. KRRRRRR. Nimekaa pale na tambi zangu mdomoni siwezi kumeza siwezi kutema, nazisikiliza wiki tatu zangu zinavyopakwa chokaa kama kaburi. Mimi nimeachwa na mwanamke kwa meseji, nimefeli Hesabu, nimepigwa na kondakta Ubungo, sijawahi kusikia sauti mbaya kama ya ile tepu.

Alipomaliza akafunga daftari, akatabasamu, akaniambia xiexie tongxue, asante tongxue.

TONGXUE. Mwanafunzi mwenzangu. Saa moja na nusu nilikuwa laoshi, saa mbili kasoro nimeshushwa cheo. Na skafu akakaa KWENYE KITI CHANGU akamenya yai.

Naomba mniambie huyu mtu tumfanye nini.

kipanga_mstaafu: Ditamaini 😂😂😂😂😂

mama_wa_wawili: Nimecheka mpaka mtoto kaamka. "Akipuliza na kipande kilichobanduka." Pole baba.

siti_ya_dirishani: Wa skafu ya kijivu au wa maruni? Maana hapo Wuhan ninaowajua mimi ni wawili na wote wana tabia hizo hizo.

mleta uzi: Mkuu unamjua acha kujitoa ufahamu. Kijivu.

siti_ya_dirishani: Aaaah. HUYO. Basi endelea, nimeelewa kila kitu.

Mzee wa Konda: Mimi nataka kujua ni kondakta wa ruti gani, na ilikuwaje.

fundi_saa: Mkuu sitaki kukuongezea machungu ila neno ni ditamin kweli. Mimi nimesema ditamaini mpaka form six, nimeisema kwenye mdahalo wa mkoa, tukashinda. Nimefika huku ndio naambiwa.

mleta uzi: NAJUA NI DITAMIN SASA HIVI. Sijaja hapa kufundishwa. Kwetu aliyetufundisha ditamaini alikuwa na fimbo, wewe ungembishia? Mtu amekaa miaka thelathini ubaoni anasema ditamaini, mkuu wa shule anasema ditamaini, mkaguzi akaja naye akasema ditamaini. Shida ni TEPU. Angeweza kuniambia pembeni nikalirekebisha mwenyewe na peni yangu.

kipanga_mstaafu: Tumeditamaini kwamba una makosa.

Ras Mtaalamu: Ngoja. Una visa ya masomo, halafu unafundisha kwa malipo? Unajua kazi ya pembeni bila kibali cha chuo na cha uhamiaji ni kesi? Futa huu uzi.

mleta uzi: Malipo ni tambi!!!

Ras Mtaalamu: Tambi za ufuta ni kipato. Ukiulizwa, sema ulikuwa mgeni wao.

mama_wa_wawili: Atajibuje akiulizwa, "I was ditamaini to eat"?

nai_wa_mtaa: Wabongo na Kizungu tena 😂 hiyo stori nimesoma hadi nikashuka stage isiyo yangu. Huku kwetu ukisema vejitebo class three unahamishwa shule.

fundi_saa: Nyie mnaosema "kitabu yangu" mnapata wapi nguvu ya kuingia humu?

nai_wa_mtaa: Kitabu yangu haijawahi pakwa chokaa lakini.

mleta uzi: Umevuka mpaka sasa.

bwege_mtozeni: Tuwaonee huruma hao watoto jamani. Mimi nimekaa chumba kimoja na wenyeji miaka miwili, niliuona huo mtihani kwa karibu. Ile sehemu ya kusikiliza wanaipokea kwa redio ya FM ya chuo, kila mtu na hedifoni yake kichwani yenye betri, ukikosa masafa umekwisha. Jamaa yangu betri ilikata katikati ya mazungumzo ya pili, akabaki anatazama midomo ya wenzake kama itamsaidia. Na wakimaliza kusikiliza karatasi ya kwanza inakusanywa hapohapo, hamna cha kurudi nyuma. Akatoka pale akanunua betri nane. Mtihani umeshaisha.

siti_ya_dirishani: Betri nane 😂 hasira hizo nazijua.

bwege_mtozeni: Halafu kuna kutafsiri, wanapewa Kichina watoe Kiingereza, nusu saa, na mara nyingi ni mambo ya kwao ya jadi. Desemba 2019 ngazi ya sita ilikuwa ni maua, mara yungiyungi la majini mara peoni. Sasa mtu ana miaka 20, ua lenyewe kwa Kichina anaandika kwa kubahatisha. Mimi niliulizwa na mwenzangu usiku ule, nikamwambia andika flower, wote ni flower.

fundi_saa: Na wewe ungepakwa tepu.

HSK_imeniua: Siji kitu gani bana, mtu anaandika kwa alfabeti. Njooni HSK 5, mtihani wa Kichina kwa sisi wageni, enzi zangu maneno 2,500, na 180 kati ya 300 ndio wakutazame usoni. Mimi nimeirudia mara tatu. Mara ya kwanza nilikosa alama nne. NNE. Laoshi wangu akanipa pole akanipa na chungwa. Ile chungwa sijaila mpaka leo, imekauka iko kwenye dirisha.

mama_wa_wawili: Hilo chungwa.

HSK_imeniua: Unaona? Hata hapa sina amani.

daktari_mtarajiwa: Nyote mmetulia. Mimi nimesoma kwa Kiingereza kuanzia form one, form six Kiingereza, digrii ya kwanza Kiingereza, nimeandika utafiti kwa Kiingereza, nimeugulia hospitali kwa Kiingereza. Naomba chuo wananiambia lete IELTS, cheti cha mtihani wa Kiingereza. Nikaifanya, nikafaulu, nikauguliwa nikaahirisha, kurudi naambiwa imepita miaka 2 matokeo yameisha muda. Yameisha muda kama maziwa ya mtindi! Kiingereza changu kimeharibika kabatini?

Ras Mtaalamu: Ulikiweka bila kufunika.

daktari_mtarajiwa: Na hela ya kurudia hakuna anayeizungumzia.

fundi_saa: Huu ungefaa uzi wake, hili la miaka miwili limeniumiza hata mimi.

HSK_imeniua: Kwani HSK haiishi muda? Kaombe chuo na cheti cha zamani uone. Chungwa langu limekauka na cheti kimekauka.

mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. TEPU.

raia_mwema_2: Habari wadau. Mimi ni mpya humu. Nafikiri huyo ndugu mnayemsema alikuwa na nia njema tu ya kusaidia, mwanafunzi angefika mbele ya kompyuta na kusema vile angepoteza alama. Na si kweli kwamba alikaa kwenye kiti cha mtu, kiti kilikuwa wazi.

siti_ya_dirishani: Akaunti imefunguliwa leo saa tisa mchana.

kipanga_mstaafu: Skafu karibu. Vua tukupokee.

mleta uzi: WEWE. Kiti kilikuwa wazi kwa sababu nilisimama kutafuta hewa!!! Na yai lile ulilimenya ukaacha maganda kwenye treyi yangu, hilo sikulisema ili nikustahi.

raia_mwema_2: Sijui unazungumzia nini ndugu. Yai lilikuwa moja tu.

mama_wa_wawili: 😂😂😂 "yai lilikuwa moja tu" amejifunga goli mwenyewe

nai_wa_mtaa: Mimi siondoki hapa, nachemsha chai.

bwege_mtozeni: Yule mdada mtihani wake lini?

mleta uzi: Jumamosi hii. Amenitumia ujumbe kwenye WeChat nusu saa iliyopita, anauliza kesho saa moja nipo? Sijajibu. Ameandika "tongxue" tena na kikaragosi cha paka anayeinama.

fundi_saa: Nenda.

mama_wa_wawili: Nenda baba. Tambi zinapoa.

mleta uzi: Nikienda nitamkuta skafu yupo.

sembe_dona: Samahani kwa kuingilia wakuu, niko Wuhan mwezi wa pili sasa, hivi unga wa ugali mnapata wapi? Huu wa supamaketi ni laini kama poda, nimesonga jana nimepata gundi.

siti_ya_dirishani: Agiza Guangzhou, kule Xiaobei maduka ya Waafrika wanauza mpaka mihogo mikavu. Wanakutumia kwa kuaidi, wale wa kuleta vifurushi.

daktari_mtarajiwa: Usinunue wa mfuko wa njano, una chenga.

HSK_imeniua: Wa njano ndio mzuri, hujui kuchekecha.

Ras Mtaalamu: Dagaa wanakuwepo?

siti_ya_dirishani: Wapo, ila mwambie akufunge mara mbili, mimi wa mwanzo walinukia jengo zima mpaka mama wa mapokezi akapanda ghorofani kutafuta kilichokufa.

sembe_dona: Asanteni sana, nitumieni namba ya duka inboksi.

mleta uzi: Na mimi. Kilo tano kwa kuaidi zinafika baada ya siku ngapi?

siti_ya_dirishani: Mbili au tatu. Ila ditamaini kwanza kama kilo tano zinakutosha.