Mji wa Fedha, Magoti ya Shangazi

Kikundi: NYUMBA YA KIPONDA

Zuhura (Houston): Assalaam alaykum nyote. Shikamoo Shangazi, shikamoo Ami. Tiketi ya Shangazi ishapatikana, anafika mwanzo wa Novemba inshallah. Nataka nikimpokea nimtoe kidogo, siku nne Mexico.

Shangazi: Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Mexico nikafanye nini?

Salum: Cancún hiyo! Ufukwe, maji ya buluu 😎

Shangazi: Nimezaliwa Unguja. Nipande ndege nikatazame bahari?

Zuhura: 😂😂 Hata miye ndivyo nilivyowaza. Tunakwenda Guanajuato, wenyewe wanatamka "Gwanahwato". Nilikwenda mwaka jana na bado naiota.

Bakari: Kuna nini huko?

Zuhura: Korongo. Mji mzima umetiwa ndani ya korongo. Nyumba za manjano, waridi na samawati zimeparamia milima, hii imekaa kichwani mwa ile. Zamani mto ulipita katikati, ukifurika unabeba watu. 1905 ulifanya balaa kubwa. Wakauhamisha mto, na miaka ya 1960 mkondo wake wa zamani ukafanywa barabara ya chini kwa chini. Gari zinapita chini, watu juu. Basi unashukia humo ndani, unapanda ngazi, ghafla uko juani na kanisa mbele yako.

Shangazi: Ngazi ngapi?

Zuhura: Shangazi usianze 😅 Kuna kibehewa cha kamba nyuma ya Teatro Juárez, kinakupandisha mlimani mpaka kwenye sanamu ya Pípila. Mji wote unauona umekaa.

Shangazi: Bas. Hicho nimekipenda.

Ami Khamis: Miye nina neno. Kila anayeusifu mji huo huanza na "wa kikoloni", utadhani ndiyo sukari yake. Zile kuta zimejengwa kwa fedha. Fedha aliichimba nani? Waindio, yaani wenyeji wa asili, machotara, na watu wenye asili ya Afrika. Mgodi wa Valenciana mwisho wa karne ya 18 ulikuwa miongoni mwa migodi iliyotoa fedha nyingi kabisa duniani. Tajiri wake akajenga kanisa hapo hapo, likamalizika 1788, madhabahu zimevikwa dhahabu. Mchimbaji alivikwa nini?

Bakari: Ami ushafika kumbe?

Ami Khamis: Sijafika. Nimesomesha historia miaka thelathini, wewe ulikuwa unalala nyuma ya darasa. Na riale waijua imetoka wapi? Ni "real" ya Wahispania. Sarafu za fedha za Mexico zilizunguka mpaka Bahari ya Hindi. Wazee wetu walihesabu kwa riale.

Salum: Kwa hiyo Zuhura anakwenda kudai chenji yetu 😂

Zuhura: Ami, kweli tupu, na mji wenyewe haufichi. Pale kuna Alhóndiga de Granaditas, lilikuwa ghala la nafaka, siku hizi makumbusho. Septemba 1810 Wahispania walijifungia humo na mali zao, watu wa Padri Hidalgo, aliyeongoza uasi wa kudai uhuru, wakalizingira. Wanasimulia kuwa mchimba migodi mmoja, huyo Pípila, alijifunga bamba la jiwe mgongoni risasi zisimpate, akatambaa mpaka mlangoni, akautia moto. Mwaka uliofuata Hidalgo na wenzake watatu wakauawa, vichwa vikatundikwa ndani ya vizimba kwenye pembe nne za ghala hilo hilo. Vilikaa miaka kumi, mpaka uhuru 1821.

Ami Khamis: Hapo sasa. Mpeleke hapo kwanza, kabla ya hizo rangi za waridi.

Salum: Zuhura, nimetafuta simuni naona "makumbusho ya maiti". Hilo mbona hulitaji?

Shangazi: Maiti gani?

Zuhura: Salum wewe 🙄 Shangazi, zamani familia zilitozwa kodi ya kaburi. Wasiolipa, maiti wao hutolewa ili nafasi apewe mwengine. Walipoanza kuwatoa, 1865, wakakuta baadhi hawakuoza, wamekauka na nguo zao. Wakawekwa. Watu wakaanza kuja kuwatazama.

Shangazi: Astaghfirullah. Mtu kafa maskini, kaburi kanyang'anywa kwa deni, na leo watu wanatoa kiingilio kumtazama alivyofumbua mdomo?

Zuhura: Nilifika mlangoni nikarudi. Wenzangu waliingia. Mmoja alitoka kimya, hakula chakula cha mchana.

Shangazi: Mimi huko sifiki. Andika.

Zuhura: Nimeandika. Usiku ndipo utakapopapenda. Wanafunzi na mabarobaro waliovaa majoho ya mahameli meusi ya Kihispania ya zamani, na magitaa, wanakusanya watu pale bustani ya Jardín de la Unión, kisha wanawaongoza vichochoroni wakiimba na kutania. Ni beni ya harusi, ila bibi harusi hayupo.

Bakari: Vichochoro tunavyo Mkunazini, bure.

Zuhura: Kipo kimoja, Callejón del Beso, vibaraza viwili vya ghorofani vinakaribiana mpaka mtu na jirani wanaweza kubusiana. Hadithi yake ya binti wa tajiri na kijana mchimbaji, baba akamuua binti.

Shangazi: Kiponda angemuozesha tu, watu wasiseme.

Ami Khamis: 😂 Na Oktoba msiende. Kuna tamasha la sanaa la Cervantes, lipo tangu 1972, vyumba hupanda bei.

Zuhura: Ndiyo maana nimesema Novemba. Baridi ya usiku ipo, mji uko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, umeipita Arusha. Shangazi njoo na shali.

Shangazi: Na chakula?

Zuhura: Enchiladas mineras, za wachimbaji. Chapati ndogo za mahindi zimechovywa mchuzi wa pilipili nyekundu, ndani jibini, juu viazi na karoti. Lakini lazima tuulize "manteca", ndiyo mafuta ya nguruwe, wanayatia hata kwenye maharage.

Shangazi: Nitakuja na mafuta yangu.

Salum: Uwanja wa ndege watamkamata na dumu 😂

(Saa sita usiku)

Shangazi: Zuhura umelala?

Zuhura: Huku bado mchana Shangazi, kuna nini?

Shangazi: Hao maiti. Ni wangapi?

Zuhura: Wamepita mia. Kwani?

Shangazi: Nauliza tu.