MREJESHO: Kaya sita kwenye luku moja, Kaloleni Arusha

Wakuu, salaam. Mwezi wa tatu niliomba ushauri humu: kaya sita kwenye nyumba za umma hapa Kaloleni tulikuwa tunatumia luku moja (mita ya umeme wa kulipia kabla), na kila tukichanga unazuka ugomvi. Narudi kama nilivyoahidi.

Tulianza na mita ndogo kwa kila mlango. Ugomvi ulipungua wiki ileile. Kila Jumapili jioni mama wa mlango wa tatu anatoka na daftari na tochi ya simu, tunasoma namba pamoja. Ila bei haikushuka. Luku kuu bado ilikuwa moja, matumizi yetu yanavuka uniti 75 kwa mwezi, basi ile bei nafuu ya watumiaji wadogo hatuipati. Kuna mkuu alinitahadharisha hilo humu, nami sikumsikiliza. Samahani sana kaka.

Ndipo tukaandika barua moja kwa mwenye nyumba, saini zote sita, tukiomba kila kaya iwe na luku yake. Wanne tumeshafungiwa. Juzi nimeingiza tarakimu 20 za tokeni kwenye mita yangu mwenyewe, mke wangu kasimama pembeni ananisomea. Nilifurahi mno.

Wawili bado. Nyaya za upande wao zimechakaa, lazima zibadilishwe kwanza, na wa kugharamia hajapatikana. Inaniuma, maana mmoja ni bibi anayeishi na wajukuu.

Maji nayo bado bili moja, tunagawana kwa idadi ya watu.

Asanteni sana, hasa mlioshauri barua ya pamoja.