Naombeni ushauri, nimjibu nini binti yangu kuhusu dini na wema?

Ndugu zangu habari za jioni, niko Arua huku Uganda na nimekwama kweli. Juzi binti yangu wa miaka 15 alikuwa anamenya muhogo, akaweka kisu chini akaniuliza, baba, wamisionari wamefika Buganda 1877, sasa mababu zetu kabla ya hapo nani aliwafundisha kuiba ni vibaya? Nikanyamaza.

Kesho yake nikamwambia Walugbara, watu wa huku Arua, walikuwa na Mungu wao Adroa na mizimu, ukimkosea mzee wa ukoo mizimu inakuletea ugonjwa. Akasema basi hiyo pia ni dini, yeye anauliza kabla ya dini yoyote. Nikaingia intaneti nikakuta jaribio la tumbili la watafiti Sarah Brosnan na Frans de Waal, 2003, tumbili anapewa tango anakula vizuri tu, akiona mwenzake kapewa zabibu kwa kazi ileile analirusha tango nje. Mtoto akafikiri akaniambia, huyo anajionea huruma mwenyewe, angekataa zabibu mpaka mwenzake apate ningekubali. Mimi naona ana haki kabisa.

Pasta alitusomea Warumi 2, kwamba sheria imeandikwa mioyoni, nimeipenda sana lakini mtoto anataka kujua iliandikwaje. Mama yake sasa anaogopa atapoteza imani.

Naomba mnisaidie: kuna ushahidi gani mwingine kuhusu huruma, si wivu tu, kwa wanyama ama watu wa kale? Na mliolea vijana wa hivi, mliongea nao vipi bila kuwazima?