Naomba ushauri: mbwa wangu mpya hatoki uvunguni

Ndugu zangu, naomba msaada wenu kuhusu mbwa jike wa umri wa mwaka mmoja hivi, niliyemchukua wiki 3 zilizopita kutoka kwa jamaa aliyekuwa akihama Malindi, nikamleta kwangu Muyeye. Tangu siku ile amejificha uvunguni mwa kitanda cha chumba cha nyuma, na kila tuktuk inapopita hujikunyata hadi pua yake iguse ukuta, mkia ameubana tumboni. Hali chakula mtu akiwepo. Hungoja tulale, ndipo nisikie bakuli la bati likikwaruza sakafu.

Sijamvuta kwa nguvu wala kumkemea. Kila jioni hukaa sakafuni nikiwa nimempa mgongo, nikimtupia dagaa mmoja mmoja bila kumtazama machoni. Juzi alinyoosha shingo, akachukua mmoja kando ya goti langu, kisha akarudi mbio. (Paka wa jirani ndiye anayefaidi dagaa wanaobaki.) Chanjo ya kichaa cha mbwa amepata, na daktari wa mifugo hakumwona na ugonjwa wowote.

Je, nianze kumzoesha kamba humu ndani, au ningoje mpaka atoke kwa hiari yake? Na nyinyi mliowahi kufuga mbwa mwoga, mliwazuiaje watoto wa mtaa wanaochungulia dirishani na kumwita kwa kelele, bila kukosana na wazazi wao? Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi, kwa kuwa wengi wao ni wajukuu wa mwenye nyumba.